Prosesa ya Treni ya Mto Mkavu

Garissa
9 Juni 1997

Binti yangu Mkamburi,

Nakusalimu wewe na mama yako. Mimi na mke wangu Sahara tu wazima, ila joto la mwaka huu limetushinda nguvu.

Mama yako ameniandikia kwamba sasa wewe ni fundi wa kompyuta huko Nairobi, una meza yako dukani, na watu wazima wanakupangia foleni. Wallahi nimefurahi. Marehemu baba yako Mwakio, aliyekuwa msaidizi wangu kwenye injini miaka sita, angeitangaza habari hiyo kila stesheni mpaka Mombasa. Basi na mimi nimekuja kupanga foleni.

Mpwa wangu Hanad anayeishi Kanada alikuja kutuona mwaka jana, akaniachia kompyuta. Nikamwambia, mimi ni dereva wa treni niliyestaafu, nitaifanyia nini? Akacheka, akatia gemu ndani yake. Ni gemu la kuendesha treni. Unakaa kwenye kiti cha dereva, unaona reli mbele yako. Unaiambia mashine treni ina uzito gani, mteremko ni mkali kiasi gani, spidi ni ngapi. Halafu unashika breki na kuona utasimama wapi. Huku kwetu hakuna reli hata ya kuchora, kwa hiyo majirani wakinikuta mbele ya kioo hicho wanamwuliza Sahara kama nimemwona daktari.

Shida ni kwamba treni haiendi, inaruka. Nikifunga mabehewa matatu inakwenda vizuri. Nikifunga ishirini na kitu, picha inaganda, halafu ghafla nipo mita mia mbele. Nashika breki hapa, inashika kule. Msaidizi wa namna hiyo ningemshusha stesheni ya kwanza. Mwalimu mmoja wa hapa ananiambia ubongo wa kompyuta ni mzito, ninunue mwingine, unaitwa prosesa. Nieleze ninunue ipi. Nataka treni nzito iende bila kuruka hata mita moja. Hilo tu.

Mzee wako,
Bulle Abdille


Nairobi
23 Juni 1997

Baba Bulle, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na mafundi wenzangu wamecheka mpaka mteja akakasirika. Hapa tunaletewa kompyuta za kuandikia stakabadhi na za kuchapia mitihani. Mwenye treni ni wewe wa kwanza.

Mama anakusalimu. Husema kwamba baada ya ajali watu wa kazini kwa baba walitusahau wote isipokuwa wewe. Kila ulipopita Voi ulituachia samli na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa, na mimi nilikuwa naficha kipande changu nisigawane na mtu. Kwa hiyo kazi hii naipokea kwa mikono miwili.

Lakini prosesa hainunuliwi kama betri ya tochi, kwamba unasema kubwa au ndogo. Kila kompyuta ina ubao mkuu, na kwenye ubao huo prosesa ina soketi yake, na umeme wake. Ukikosea soketi haiingii. Ukikosea umeme inaungua. Kwa hiyo nahitaji kujua uliyonayo.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua sanduku, gusa chuma kwanza ili uondoe umeme wa mwilini. Kwenye ubao utaona chipu ya mraba, kubwa kuliko nyingine zote. Niandikie maneno na nambari zote zilizo juu yake, kama zilivyo. Si maandishi ya nje ya sanduku, Baba Bulle. Ya juu ya chipu.

Nikipata hayo nitakuchagulia.

Mimi,
Mkamburi Mwakio


Garissa
11 Julai 1997

Binti yangu Mkamburi,

Barua yako imechukua siku kumi na nne kufika. Siku hizo ng'ombe angekuja kwa miguu na angepumzika njiani.

Nimefungua sanduku. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mtama. Chipu nimeiona, lakini muuzaji wa huko Kanada ameibandika karatasi yake juu, na nikiikwangua inachanika. Hakuna haja. Mbele ya sanduku kuna kidirisha chenye tarakimu nyekundu, na tarakimu zinasema 66. Mwalimu pia amesema basi hiyo ni 66. Tusipoteze mwezi mwingine kwa sababu ya karatasi.

Treni yangu ni hii: tani elfu moja na mia moja, mabehewa ishirini na sita, mteremko wa moja kwa sitini, spidi kilomita hamsini na tano. Kuna ishara ya njano mita elfu moja na mia nne kabla ya mahali ninapotaka kusimama. Kwa treni hiyo mashine inaganda kila baada ya sekunde tatu. Nataka prosesa itakayoibeba treni hiyo, si nyingine. Ukinipa inayobeba mabehewa kumi, utakuwa hujanipa kitu.

Tafadhali fanya haraka. Umeme wa hapa ni wa jenereta, unakuja na kuondoka unavyotaka, na mimi nikiwa nimeikaribia ile ishara unaondoka.

Mzee wako,
Bulle Abdille


Nairobi
30 Julai 1997

Baba Bulle, shikamoo.

Nimekutumia prosesa kwa basi, imefungwa kwenye kopo la majani ya chai. Ni 486 aina ya DX4, ya 100. Kama uliyonayo ni 66 kweli, hii itaingia kwenye soketi ileile na itakupa mwendo wa kuonekana.

Sasa soma hapa polepole. Prosesa yako ya zamani inakula volti tano. Hii inakula volti tatu na kidogo. Kwenye ubao kuna vipande vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbilimbili, vinaitwa jampa. Tafuta palipoandikwa 3V, uhamishe jampa hapo, ndipo uweke prosesa. Usipopaona, usiiweke. Niandikie kwanza. Narudia, usiiweke.

Mkamburi


Garissa
19 Agosti 1997

Binti yangu Mkamburi,

Imetoa moshi.

Nilipatafuta hapo 3V kwa tochi, nikapatafuta kwa miwani yangu, nikapatafuta kwa miwani ya Sahara. Hapakuwapo. Nikasema labda ubao huu unajipanga wenyewe, kwa maana mashine zote siku hizi zinajidai zina akili. Nikaiweka, nikawasha. Harufu iliyotoka sijawahi kuisikia tangu breki za mwaka 1979. Sahara alikuja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia mlangoni kwa mwili wangu.

Usinigombeze, najua uliandika mara mbili.

Nimerudisha ya zamani, inafanya kazi. Ile karatasi imetoka yenyewe kwa joto, na chini yake pameandikwa 486SX-25. Si 66. Na hili ndilo lililonitia hasira kuliko moshi: kidirisha cha mbele kinaandika 66 hata prosesa ikiwa mkononi mwangu! Kinapima nini basi?

Miezi mitatu nimekaa hapa na treni inayoruka. Nisaidie.

Bulle Abdille


Nairobi
2 Septemba 1997

Baba Bulle, shikamoo.

Sitakugombeza. Nimekwisha kukugombeza peke yangu dukani, na mwenye duka akaniuliza naongea na nani.

Kidirisha hakipimi chochote. Ni taa tu. Aliyeunda sanduku aliipanga ioneshe 66 kwa sababu 66 ni nambari ya kupendeza. Ndiyo maana nilikuomba maandishi ya juu ya chipu.

Ulichonacho ni SX, na sasa ninaelewa kwa nini treni yako inaruka. SX haina sehemu ya hesabu za desimali. Gemu lako kila sekunde linapiga hesabu ya uzito, mteremko na nguvu ya breki ya kila behewa, na SX inazifanya hesabu hizo kwa njia ndefu, kama mtu anayehesabu kwa vidole. Mabehewa matatu inaweza. Ishirini na sita inazidiwa, inasimama kufikiri, ikimaliza inakurusha mbele kufidia wakati.

Sasa nimechoka kubahatisha. Ninakilie disketi za gemu uzitume. Nitaliendesha hapa, kwa treni yako yenyewe, kwa kila prosesa inayoweza kuingia kwenye soketi yako, nikuchagulie kwa macho yangu.

Baba Bulle, kuna jambo jingine. Nambari zako nilikuwa nimeziandika kwenye kipande cha karatasi, nikaenda nacho nyumbani Voi. Mama akakiona mezani. Akaingia chumbani, akatoka na ile ripoti ya tume ya ajali ambayo huwa haitoi. Tani elfu moja na mia moja. Mabehewa ishirini na sita. Hii ni treni yenu ya Mto Mkavu, siyo? Ni treni iliyomuua baba.

Sasa najua unachotafuta, na sijui nikushukuru vipi. Ripoti inasema baba ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha dereva na kwamba alichelewa kushika breki. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nimesoma shule moja na watoto wa watu wa reli, wakinipita wanaiga honi. Ukionesha kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kuisimamisha treni ile, mama atashusha pumzi aliyoishikilia miaka kumi na minne.

Tuma disketi upesi.

Binti yako,
Mkamburi


Garissa
6 Oktoba 1997

Mkamburi,

Disketi hizi hapa, ni nne, zimeandikwa nambari.

Hizo nambari ni za treni yoyote ile ya mizigo. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi anakumbuka nambari bila kujua amezitoa wapi. Mwambie mama yako asijisumbue na ripoti za zamani.

Wewe nichagulie prosesa tu.

Bulle


Nairobi
3 Novemba 1997

Baba Bulle, shikamoo.

Nimekaa na treni yako wiki nzima, saa za chakula cha mchana, kwenye ubao unaofanana na wako.

Ya kwanza ilikuwa DX2 ya 66, yaani 66 ya kweli. Faida yake ni kwamba inakula volti tano kama ya zamani, unaichomeka na kuondoka. Lakini kwa mabehewa ishirini na sita bado inaruka, kama mita kumi na tano. DX4, ndugu ya ile uliyoichoma, inaruka mita nne au tano, na volti zake unazijua. Halafu kuna hii 586 ya 133, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe wenye ubao wa zamani. Treni ikateleza kama maji. Haikuruka hata mara moja. Kuna waliosema nikubadilishie ubao wote uingie kwenye Pentium, lakini hapo utahitaji na memori nyingine, na pengine sanduku, na tutafika mwaka 2000 tukiandikiana.

Kwa hiyo ni 133. Inapata joto, na nyinyi mnalo tayari la kutosha, kwa hiyo nimeifungia feni. Chini yake nimeweka kiti kinachopunguza volti chenyewe. Hakuna jampa ya volti ya kutafuta. Ichomeke tu, pembe iliyokatwa ikutane na pembe iliyokatwa. Imeondoka leo kwa basi.

Hiyo ndiyo kazi uliyonituma. Sasa niliyojituma mwenyewe.

Umesema ni treni yoyote ile. Sikukuamini, nikaendesha na ripoti ya mama kando. Nilipoanza breki mita mia nne kabla ya yale mabehewa ya kokoto mliyoyagonga, yaliyosimama njiani, kama ripoti inavyosema baba alivyofanya, treni iligonga. Nikarudia mara sita, ikagonga mara sita. Halafu nikaanza breki pale kwenye ishara ya njano. Ikasimama, na mita mia mbili zikabaki. Nikachelewa sekunde tano baada ya ishara. Ikasimama. Nikachelewa kumi. Ikasimama bado.

Nilitamani isisimame, Baba Bulle. Sijawahi kutamani mashine ishindwe namna ile.

Sasa nimeelewa kwa nini uliandika kwamba tusijisumbue. Ulijua. Ulikuwa unatuficha tusiumie. Ripoti ilisema kweli: ishara alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo, na baba hakushika breki mpaka alipokuwa amechelewa. Kama alisinzia, kama alikuwa anaangalia nje, sijui. Wewe ulikuwa kando yake. Siku ukiweza, niambie alikuwa anafanya nini.

Mkamburi


Nairobi
15 Desemba 1997

Baba Bulle,

Redio inasema Mto Tana umefurika na barabara ya Garissa imekatika, malori yamezama mpaka madirishani. Sijui kama kifurushi kilipita kabla ya mvua. Sijui hata kama nyumba yenu iko salama. Niandikieni hata mstari mmoja.

Mama nimemweleza matokeo. Nilidhani ni haki yake. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Mimi nilikuwa nikiwaambia watu ni uongo." Akasema tena, "Nimegombana na watu miaka yote hii kwa ajili ya uongo wangu mwenyewe."

Natamani nisingeligusa lile gemu.

Mkamburi


Garissa
20 Januari 1998

Mkamburi,

Nyumba yetu iko salama. Maji yaliishia ua wa jirani. Mbuzi wengi wamekufa hapa, na watu pia, lakini hayo si ya barua hii.

Kifurushi chako na barua zako mbili vilifika tarehe 29 Desemba kwa ndege ya msaada. Usidhani mafuriko ndiyo yaliyonichelewesha. Ndege imetua mara nne tangu siku hiyo na kila mara imerudi na mfuko wa barua. Mimi ndiye sikuandika.

Prosesa niliiweka kama ulivyosema. Treni haikuruka. Niliendesha mara moja tu, nikaona ulichokiona wewe, nikazima.

Baba yako hakuwa kwenye kiti cha dereva. Mimi ndiye niliyekuwa.

Tulikuwa tumechelewa saa mbili. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, na mimi nilitaka kufika Mombasa niwahi gari la kuja nyumbani. Tukaiona ishara ya njano. Njano ni kusema, jiandae kusimama. Baba yako akasema, "Bulle, shika breki." Nikasema, "Ngoja, itafunguka. Kila siku inafunguka." Akasema tena, "Bulle, shika." Nikamwambia mimi ndiye dereva. Mara ya tatu hakusema, aliinuka aishike mwenyewe. Niliupiga mkono wake nikauondoa. Halafu tukamaliza kona, mabehewa ya kokoto haya hapa, ndipo nikaishika. Mita mia nne. Upande wake ndio uliogonga.

Mimi nilivunjika bega. Watu wa tume walinijia hospitalini, wakauliza nani alikuwa kwenye kiti. Baba yako alikuwa amebakiza wiki tano afanye mtihani wa udereva, na mara nyingine nilimwachia kiti ajizoeze, kila mtu alijua. Nikasema, "Mwakio." Neno moja tu. Nilijiambia nina homa, nitalirekebisha nikipona. Nilipopona walikuwa wamekwisha andika, na mimi nikarudishiwa injini. Nikaendesha miaka tisa zaidi. Kila nilipopita Voi nilishuka na samli.

Hanad alipoliweka lile gemu, niliingiza nambari hizo siku hiyohiyo. Nilitaka mashine iniambie kwamba hata kama ningemsikiliza Mwakio tusingesimama. Hapo ningebaki mwongo, lakini nisingebaki muuaji. Treni ikawa inaruka, na kila iliporuka nilipata pa kujificha. Nikasema, labda. Nikakuomba prosesa ili niondoe labda. Haikunijia akilini kwamba wewe utaendesha kabla yangu, na kwamba utamhukumu baba yako kwa nambari nilizokupa mimi.

Mama yako hakusema uongo. Mwambie leo, usingoje kesho.

Ndani ya bahasha kuna taarifa yangu. Nimeiapa mahakamani hapa Garissa na ina muhuri. Ipeleke unakotaka. Sahara nimemweleza. Hajanipikia tangu Jumatano, na sikumwambia anipikie.

Bulle Abdille


Nairobi
9 Machi 1998

Bwana Bulle,

Barua yako niliisoma mezani kwangu dukani. Siku hiyo niliharibu mashine ya mtu, nami sijawahi kuharibu mashine ya mtu.

Sitaki uniite binti yako, wala mimi sitakuita tena nilivyokuwa nikikuita.

Nimejaribu kuandika mara tano. Kila nikianza nakumbuka kitu kingine cha kunikasirisha. Samli. Kile kipande cha nyama nilichokuwa nakificha. Wale watoto na honi zao, na wewe umeketi kwetu unakunywa chai, umewasikia wakipita nje, ukaniambia, "Usiwajali." Hata hasira za kipuuzi zinanijia: kwamba nilikosa chakula cha mchana wiki nzima nikikuchagulia prosesa, nikaifunga na feni isikuchome.

Taarifa yako nimeipeleka ofisi za reli mara nne. Mara ya kwanza waliniambia faili za mwaka 1983 ziko ghalani na mwenye ufunguo yuko likizo. Mara ya pili mwenye ufunguo alirudi, akasema hakuna faili. Mara ya tatu nilikwenda na ripoti ya mama, nikawaonesha nambari ya faili kwenye ukurasa wa kwanza, wakasema nambari za siku hizi haziandikwi hivyo. Mara ya nne nilikaa kwenye benchi tangu wanafungua mpaka mama mmoja wa masjala akanionea huruma au akanichoka. Alilitoa kwenye kabati lililokuwa nyuma yake siku zote hizo. Wamepokea taarifa yako, wamegonga muhuri, na wamesema watakuita uje useme kwa mdomo wako mbele ya maofisa watatu. Uje. Ukisema unaumwa, nitakuja Garissa kukuchukua.

Mama nilimsomea yote. Alinisimamisha pale uliposema uliupiga mkono wake. Akaniambia nirudi nyuma, nianzie pale baba anaposema, "Bulle, shika breki." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Hakulia. Alisema, "Ndiyo, hivyo ndivyo alivyokuwa akisema kitu. Mara mbili kwa mdomo, ya tatu anainuka."

Kisha akanipa ujumbe, naye ndiye sababu ya barua hii, kwa maana mimi peke yangu nisingekuandikia. Anasema umempa maneno matano tu ya mumewe. Mlikuwa njiani tangu alfajiri. Baba alikuwa mtu wa kuongea. Anataka kujua aliongea nini siku ile kabla ya ishara. Yote, hata ya upuuzi. Anasema hilo huna ruhusa ya kulisahau.

Mkamburi Mwakio


Garissa
28 Machi 1998

Mkamburi, na mama Mkamburi,

Barua ya maofisa nimeipata. Nimeitwa tarehe 14 Aprili saa tatu asubuhi. Barabara imefunguliwa, nitakuja mapema. Sitaomba kuonana nanyi. Mkitaka kukaa humo ndani mnisikie, nafasi ni yenu.

Mama Mkamburi, haya ndiyo aliyoyasema Mwakio. Nimeyaandika kwa siku tatu, nikikumbuka naongeza.

Alipopanda injini alisema kumenuka kama mbuzi, na akaniuliza kama nimelala humo. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye karatasi. Alinipa nusu akanicheka nilivyoimenya, akasema watu wa ng'ombe hawajui kula kitu kisichokimbia. Aliimba nyimbo za kanisani kwenu mpaka nikamwambia apumzike, naye akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Alisema mtihani haumtishi ila sehemu ya kuandika, kwa sababu mwandiko wake hata yeye hausomi. Alisema paa la jikoni kwako linavuja juu ya jiko hasa, na kwamba umemwambia mara tatu, na safari hii akirudi atapanda bila kuambiwa. Alisema nisimwambie kaka yake kwamba ameuza ile baiskeli.

Tulipopita Voi hatukusimama. Aliinama dirishani akaangalia upande wa nyumba yenu mpaka ikapotea, akasema nguo zimeanikwa.

Kisha akazungumza juu ya Mkamburi. Alisema mtoto analia kila asubuhi kwenda shule kwa sababu viatu vinambana, na kila mtu anadhani ni uvivu. Yeye usiku wa mwisho aliolala nyumbani alimpima mguu akiwa usingizini. Alitoa kipande cha uzi wa katani mfukoni, akakinyoosha mbele yangu, akasema, "Tazama mguu wa mtoto huyu ulivyokua, Bulle, na mimi sikuwapo." Alikuwa anunue viatu Mombasa mchana ule, mara tu tukifika. Aliniuliza rangi gani. Nikasema nyeusi. Akasema hapana, vyekundu.

Uzi ule aliukunja akaurudisha mfuko wa shati, wa kushoto, akafunga kifungo.

Bulle Abdille